Wanaoandika Kila Mpira

Mwaka wangu wa kwanza hapa Kansas City, Marekani, nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye bohari la vifurushi. Narudi alfajiri, nalala mchana, naamka saa kumi jioni sijui leo ni Jumanne au Alhamisi. Aliyenirudishia kalenda ni mzee wa nyumba ya jirani. Kuanzia Aprili, karibu kila jioni ikifika saa moja, alikuwa anatoka barazani na redio ndogo, daftari pana mapajani, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Redio inasema, yeye anaandika. Nilidhani ni mtu wa kanisani ananakili mahubiri.

Siku moja nikaenda kumsalimu, maana kwetu Tanga humpiti mtu mzima barazani kama unayepita mti. Akanivutia kiti. Daftarini niliona viboksi vingi vidogo, ndani ya kila kiboksi imechorwa almasi ndogo, na pembeni yake tarakimu: 6-4-3. Kingine kina 8 peke yake. Kingine kina K. Halafu kuna K iliyoandikwa kinyumenyume, kama ya mtoto wa chekechea. Nikamuuliza hii ni hesabu ya nini.

"Huu ndio mchezo wenyewe," akasema. "Nikizima redio, mchezo unabaki hapa."

Besiboli nilikuwa siijui kabisa. Utotoni niliwaona Wahindi wakicheza kriketi kwa mbali, na dada zangu walicheza rede uani, lakini hayo hayakunisaidia. Mzee alinifundisha kwa kuanzia kwenye karatasi kabla sijaona uwanja, na namshukuru kwa hilo. Kila nafasi ina namba yake. Mrushaji ni 1. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ni 2. Vituo ni pembe za ile almasi: wa kituo cha kwanza ni 3, cha pili 4, cha tatu 5, na anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu ni 6. Wale watatu wa mbali kabisa ni 7, 8 na 9, kutoka kushoto kwenda kulia. Namba hizi hazihusiani na jezi. Hapo nikapiga makofi, nikamwambia ndivyo tunavyoongea mpira wa miguu nyumbani: namba tisa ni namba tisa hata kama mgongoni ana 14, na beki tatu ni beki tatu. Basi 6-4-3 ikanifungukia palepale. Mpira kauokota 6, kampa 4 aliyekanyaga kituo cha pili, 4 akamtupia 3, na wakimbiaji wawili wametolewa kwa pigo moja. Jambo la sekunde chache, limekaa katika tarakimu tatu.

K ni mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mara tatu. K ya kinyume ni yule ambaye mpira wa mwisho umempita amesimama, gongo halikusogea, mwamuzi akamtoa. Nilikuja kugundua kwamba mzee husita kidogo kabla ya kuiandika hiyo ya kinyume. Anamwonea mtu huruma. Na mchezaji akizunguka vituo vyote akarudi alikoanzia, panapoitwa nyumbani, ile almasi ndogo inajazwa weusi kwa penseli, polepole, kona baada ya kona, bila kutoka nje ya mstari. Ameandika hivyo tangu 1973, mwaka ambao uwanja wa Kansas City Royals, timu ya mji huu, ulifunguliwa. Timu inacheza mechi 162 kwa msimu mmoja. Madaftari yamejaa kabati zima la ukumbini, lile ambalo watu wengine wanawekea vyombo vya wageni.

Nilimwomba anionyeshe ukurasa anaoupenda kuliko yote. Akatoa wa tarehe 1 Novemba 2015, mechi ya tano ya fainali dhidi ya New York Mets. Zamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, Royals wako nyuma 2 kwa 1. Eric Hosmer yuko kituo cha tatu. Salvador Perez anapiga mpira dhaifu upande wa kushoto, wa kituo cha tatu anauokota na kuutupa kituo cha kwanza, mpigaji katoka. Daftarini: 5-3, kama mara elfu nyingine. Lakini Hosmer, mpira ulipoachia tu mkono, alikimbia kwenda nyumbani. Mrusho wa kumkamata ukaenda pembeni. Mambo 2 kwa 2, zamu zikaongezwa, na katika zamu ya 12 Royals wakamaliza 7 kwa 2, ubingwa wa kwanza baada ya miaka 30. Kwenye ukurasa ule mstari wa kutoka kituo cha tatu kwenda nyumbani umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Nilipitisha kidole nikakihisi kile kitobo. Mimi sikuwepo Marekani mwaka ule, lakini nimeigusa mechi ile.

Aliyeanzisha mtindo huu wa kuandika hakuzaliwa Marekani. Henry Chadwick alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akaletwa Brooklyn akiwa hajatimiza miaka kumi na mitatu. Akawa mwandishi wa habari za kriketi. Mwaka 1856, akiwa katika shughuli za kriketi kule Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, akawakuta watu wanacheza besiboli, akasimama kutazama, na mchezo ule hakuuacha tena mpaka alipofariki mwaka 1908. Alichukua majedwali ya kriketi akayashona upya yaufae mchezo huu, gazeti likaweza kueleza mechi nzima kwa nafasi ya kiganja. Ile K ni yake: herufi S alishaitumia kwa jambo jingine, basi akachukua herufi ya mwisho ya neno struck. Mchezo ambao Wamarekani wanauita mchezo wa taifa uliandikwa vizuri kwanza na mtoto wa kuja. Nilimwomba mzee anisimulie habari hiyo mara mbili.

Ila moyo wangu uko kwa mlinzi wa usiku. Bill James ni mtu wa Kansas, na miaka ya 1970 alikuwa analinda kiwanda cha vyakula vya makopo mjini Lawrence, si mbali na ninapokaa. Usiku ukinyamaza, anafungua majedwali ya magazeti, anajumlisha kwa mkono, anatafuta majibu ya maswali ambayo hata wenye timu hawakuwa wanayauliza: ni mdakaji gani anaibiwa vituo zaidi, yaani wakimbiaji wanasogea kituo cha mbele bila mpira kupigwa? Je, kosa ni lake au la mrushaji? Mwaka 1977 akatoa kijitabu cha kurasa 68 kwa gharama zake mwenyewe. Zilinunuliwa nakala sabini na kitu. Mwaka uliofuata akatoa kingine. Miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa inamsoma, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Boston Red Sox wakamwajiri. Mwaka 2004 wakachukua ubingwa walioukosa kwa miaka 86. Mimi ubingwa ule haunishughulishi sana. Kinachonigusa ni zile nakala sabini. Nazijua saa za usiku kazini, saa tisa, saa kumi, mwili unaomba kitanda na akili inatafuta kitu cha kushika. Mtu yule alishika penseli, na watu sabini walipomjibu akaona wanatosha.

Wapo wengi wa namna yake. Mwaka 1971 watu 16 walikutana Cooperstown, jimbo la New York, penye jumba la kumbukumbu za mchezo huu, wakaanzisha chama cha utafiti wa besiboli, SABR. Leo wanachama ni maelfu. Mwaka 1989 David Smith, profesa wa baiolojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, akaanzisha Retrosheet, ambako watu wa kujitolea wanasaka maandishi ya mechi za zamani pigo kwa pigo, kwenye makabati ya timu, kwenye magazeti, kwenye madaftari ya mashabiki kama jirani yangu. Na yeye mzee ana uandishi wake mwingine. Alikuwa mtu wa posta, amestaafu, na kila msimu ukiisha anaandika barua ndefu, anatoa nakala kumi na mbili, anazibandika stempu na kuwapelekea marafiki zake. Haandiki habari za mastaa. Barua niliyoisoma mimi ilikuwa ya kurasa nne juu ya mrushaji mmoja wa akiba, alivyokuwa anafuta jasho kwa bega la kushoto tu. Marafiki nao hujibu kwa barua, na wengine wanampinga vikali.

Jumapili moja alinichukua mpaka mtaa wa 18 na Vine, kwenye makumbusho ya ligi za Weusi. Mji huu ndiko zilikoanzia: Februari 1920, katika jengo la YMCA la Paseo, Rube Foster na wenzake walianzisha Negro National League, kwa sababu ligi kubwa ziliwafungia mlango wachezaji weusi. Ndani ya makumbusho kuna kiwanja kidogo chenye sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja kwenye nafasi yake. Ukiingia unaziona kupitia waya wa uzio tu. Huruhusiwi kukanyaga kiwanja mpaka umalize kusoma historia yote ukutani. Mwishoni ndipo unafika katikati yao. Aliyechuchumaa nafasi ya 2 ni Josh Gibson.

Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, Mweusi aliyefungua mlango wa ligi kubwa, hajaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Hakuwahi kupiga mpira hata mmoja katika zile zilizoitwa ligi kubwa. Kwa miaka mingi sifa zake zilikuwa za mdomo: alipiga mpira ukaenda umbali huu, hapana, ule. Masimulizi ni matamu, lakini mtu asiyetaka kuamini haamini. Kilichombadilishia mambo ni mashabiki waliokaa miaka na miaka mbele ya filamu za magazeti ya Weusi, Chicago Defender, Pittsburgh Courier, Kansas City Call, wakinakili jedwali moja baada ya jingine. Pengine jina limeandikwa nusu, pengine hesabu ya gazeti hili haikubaliani na ya lile, wanarudi kuanza upya. Larry Lester, mmoja wa walioanzisha makumbusho hayo, ni katika watu hao. Desemba 2020 ligi saba za Weusi za kati ya 1920 na 1948 zikatambuliwa kuwa ligi kubwa, na Mei 2024 takwimu zake zikaunganishwa na zile nyingine. Siku hiyo Josh Gibson akawa wa kwanza katika historia yote kwa wastani wa kupiga: .372, yaani kati ya kila mara elfu alizohesabiwa kusimama kupiga alifanikiwa 372. Aliyeshikilia nafasi hiyo kabla yake, Ty Cobb, ana .367.

Mzee alisimama mbele ya sanamu ile kwa muda. Akasema baba yake alimwona Gibson akicheza hapa Kansas City dhidi ya Monarchs, timu ya Weusi ya mji huu, na alikuwa anamsimulia kila mara. "Baba alikuwa anasema kweli," akasema. "Sasa nina karatasi."

Tulirudi kwenye gari bila kuongea sana, na mimi nilikuwa namuwaza baba yangu. Alikuwa namba saba wa timu ya shamba la mkonge, wingi ya kulia, miaka ya 1970. Katika fainali moja ya mashamba alifunga bao la ushindi. Kwetu bao hilo lilikuwa kama mtu wa familia, linatajwa kila sikukuu. Alipofariki, kwenye matanga, wazee waliokuwa wamekaa jamvini walilisimulia tena, na kila mmoja alikuwa na bao lake. Huyu kasema kichwa. Yule kasema mguu wa kushoto, nje ya kumi na nane. Mmoja akaapa ilikuwa penalti. Nilikaa nikiwasikiliza nikachoka, kwa sababu nilitaka bao moja la baba yangu, la kweli, na halikuwepo popote. Sisi mpira tunaujua na tunaupenda hasa. Kijiweni watu wanaweza kuzungumza mechi moja mpaka usiku wa manane. Halafu wanaamka wanakwenda nyumbani, na waliosimulia wanazeeka.

Jioni ile mzee alinipa daftari jipya na kalamu mbili zilizochongwa. Kwa saa za Tanga ilikuwa karibu na alfajiri, basi nikasubiri kukuche huko, nikampigia baba mdogo, ambaye alikuwa anacheza timu moja na baba.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

Nikamwambia kwema, na kwamba nataka anipe kikosi cha siku ile, mmoja mmoja, kwa namba. Akanyamaza nikadhani simu imekatika. Kisha akaanza na kipa. Beki mbili akamkumbuka mara moja, beki tatu akamkumbuka kwa jina la utani tu, la kweli akaahidi kumuuliza mjane wake. Namba nne hakumbuki. Namba tano hakumbuki. Sita alikuwa yeye mwenyewe, na hapo sauti yake ikanyooka. Saba ni baba. Nane, tisa, na kumi aliyekuwa fundi wa mashine ya kuchakata mkonge. Kumi na moja alikuwa kijana wa Korogwe, jina limemtoka.

Kuhusu bao akasema: krosi ilitoka kwa huyo wa Korogwe, ikagonga mtu, ikamdondokea baba karibu na mwamba wa pili, akaupiga kwa goti. "Kwa goti," akarudia. "Ndiyo maana hakuwahi kukwambia."

Nikaandika: 11, 7, goti. Kwenye 4 na 5 nimeacha mistari mitupu. Baba mdogo amesema Ijumaa baada ya swala atamtafuta mzee mmoja wa Muheza ambaye anaweza kuwajua.