Kafyu ya nyumbani kwangu

Watu wakiniuliza nilianzaje kazi hii ya kutetea haki, huwa nawatajia bandari. Nawaambia LAPSSET, mradi wa bandari mpya ya Lamu na barabara zake, ulizinduliwa Machi 2012, wavuvi wakaenda kortini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ni hadithi tamu, ina ushindi ndani yake, na wageni huipenda. Ila mimi katika kesi ile sikuwa lolote wala chochote, nilikuwa mmoja wa waliokaa barazani wakisubiri habari. Kilichoniingiza kwenye kazi hii ni ufunguo wa mlango wangu mwenyewe. Mama watoto amesema naweza kuliandika hili, mradi nisiandike jina lake na nisijipambe.

Mimi ni mvuvi, mtoto wa Langoni, mtaa wa Lamu mjini. Chombo changu ni mashua, na uvuvi wangu ni wa jarife, wavu mkubwa. Jarife hutegwa jua likizama, likavutwa alfajiri, kwa hiyo usiku ndio shamba letu. Mtu wa jarife ukimwambia avue mchana ni sawa na kumwambia mkulima alime lami.

Juni 2014 kukatokea mauaji ya Mpeketoni, mji wa kaunti yetu wenye walowezi wengi wa kutoka bara, watu zaidi ya 60. Julai, tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, ikatangazwa kafyu: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Asiyeishi Lamu hawezi kujua uzito wake. Mji huu mchana umelala kivulini na punda wake. Jua likizama ndipo Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unapojaa, kahawa ikazunguka, watu wakatembeleana. Mwezi ule adhana ya magharibi ikawa ndiyo kengele ya kuingia ndani. Tarawehe tukaziswali majumbani, kila mtu na wanawe. Mama watoto alikuwa akiuza viazi karai na bajia kule Usita wa Pwani kila usiku. Jiko likaingizwa uvunguni. Jarife langu nikalitundika, panya wakazaa ndani yake. Kafyu ikaongezwa muda, ikaongezwa tena, na hata ilipokwisha, marufuku ya kuvua usiku ikabaki miaka.

Basi mimi, niliyenyang'anywa bahari, nikarudi nyumbani kutawala.

Kila magharibi nilitia kufuli mlangoni, ufunguo nikautia mfuko wa shati. Mwanzoni ilikuwa na maana, askari walikuwa nje na hakuna aliyetaka mtoto achomoke akimbilie kwa nyanya yake. Halafu zikaanza amri nyingine. Redio izimwe. Simu ile ilikuwa ya nani? Mbona sokoni umekaa hivyo? Watoto wasicheke kwa sauti, baba ana mawazo. Mimi sijampiga mtu, na neno hilo nimelitumia kama ngao kwa miaka: "Mimi sijampiga mtu." Sikuhitaji. Binti yangu mdogo alikuwa akisikia makubadhi yangu yakiingia dakani, pale ukumbi wa mlangoni, anaacha wimbo katikati.

Kafyu ilipoondolewa, siku ya kwanza mama watoto akalitoa jiko, akalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Magharibi akanijia, mkono wazi, bila kusema. Nikajua anataka ufunguo. Nikamwambia, "Yeo huendi kokote." Sababu sikuwa nayo. Ukiniuliza hata sasa, nitababaika. Wiki ile alivaa leso moja siku tatu mfululizo, imeandikwa *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*, akawa anapita mbele yangu polepole kama mtu anayebeba ubao wa matangazo. Nikajifanya sijui kusoma.

Aliyelisema ni binti wa pili, wa miaka tisa, tunakula. "Baba, kafyu ya sirikali imekwisha. Yetu hini itakwisha lini?"

Ingekuwa hadithi ya mawaidha, hapo mimi ningetoa machozi. Nilimfukuza akalale, na lile neno nikalikasirikia kwa miezi.

Wakati huo mimi barazani ndiye msemaji mkubwa wa haki. Kahawa ikishuka nasimama: serikali imetufungia, serikali haituulizi, sisi ni watoto hawa tukaambiwa saa ya kulala? Wazee wananiitikia. Namaliza, narudi nyumbani, natia kufuli.

Baadaye vijana wawili wa mashua yangu walikamatwa. Mashine iliwazimikia katika mlango-bahari wa Mkanda jioni, mkondo ukawachukua, wakakutwa saa tatu usiku na wavu ndani ya chombo. Wakapelekwa kituo kimoja, sitakitaja. Siku ya tatu hawajaletwa kortini. Nikaenda, na sauti yangu nikaenda nayo. Nilipiga meza. Nikamwambia yule askari wa zamu kwamba bahari ilikuwepo kabla babu yake hajazaliwa. Akanitoa nje. Nikakaa chini ya mwarobaini nikitetemeka, najiona shujaa.

Akaja mwanamke wa makamo, buibui limepauka, na daftari la shule la kurasa 48. Aliitwa na mama wa kijana mmoja. Akaingia, nami nikamfuata hadi mlangoni nisikilize. Akasalimia. Akauliza habari za kazi, akangoja jibu, akalisikiliza hasa. Kisha: "Afande, naomba nambari ya OB ya vijana hawa, na saa waliyoingizwa." OB ni daftari la matukio la kituo. Akaandika. Akasema, kama anayesoma bei ya unga, kwamba Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, na angependa kujua aandike sababu gani ya kuchelewa, na jina la nani. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Kimya kikawa kirefu sana. Saa kumi jioni vijana walikuwa nje.

Nilimfuata kumshukuru. Akaniangalia akasema, "Nahodha, yeo umewacheleweshea wanao saa mbili. Afande alikuwa anapoa nilipofika."

Nikataka kujua alichokijua. Ndiyo nia yangu yote, nisisifiwe zaidi. Akaniandikisha katika mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, watu kama yeye, ambao si mawakili ila wanajua mlango wa kubisha. Sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 inawatambua. Mafunzo yalifanyiwa Ngome, jengo lile la mwanzo wa karne ya 19 nyuma ya uwanja wa Mkunguni. Watalii hupiga picha pale bila kujua kwamba hadi 1984 ilikuwa jela. Babu yangu mzaa mama alilala humo siku 14 kwa ajili ya kodi, na mimi nimekalia kiti cha plastiki ndani ya kuta zilezile nasoma haki za mtu aliyekamatwa. Siku ya kwanza nilijiona nimemlipia.

Siku ya tatu ikafika zamu yangu kusoma na kueleza wenzangu. Niliangukia Kifungu cha 29, cha uhuru na usalama wa mtu. Nikasoma kwa mbwembwe zangu za barazani. Kisha mkufunzi akanisimamisha kwenye sehemu inayosema mtu asitendewe ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa watu binafsi.

"Hawa watu binafsi ni nani?" akauliza.

Mmoja akasema majambazi. Mwingine akasema tajiri wa kiwanda. Bibi mmoja wa Matondoni, aliyekuwa akisuka ukili tangu asubuhi kana kwamba hasikilizi, akasema bila kuinua kichwa: "Mume."

Ukumbi ulicheka, na wanaume tulicheka zaidi. Mkufunzi hakucheka. Akaeleza kwamba kuna sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, na haizungumzii ngumi peke yake. Inataja matusi, vitisho, na hata kumbana mtu kiuchumi. Nikaliona jiko la mama watoto, lilivyosuguliwa likang'aa, likarudishwa uvunguni. Ngao yangu ya "sijampiga mtu" ikanivunjikia mkononi, mbele ya watu, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Nilibaki nimeshika Katiba kama mtu aliyeshika barua ya deni.

Jioni nilikwenda dukani kwa Mhindi nikanunua msumari mmoja, nikaupigilia ukutani karibu na mlango, usawa wa mkono wa mama watoto. Nikatundika ufunguo. Maneno sikuwa nayo. Yeye aliuangalia akaendelea kuchambua mchele. Siku ya kwanza hakuugusa, ya pili hakuugusa. Nadhani alitaka kuona kama ni mtego. Siku ya tatu baada ya magharibi akautwaa, akabeba jiko kichwani, akatoka. Mimi nikabaki na watoto. Wali uliungua, nao wakala wakicheka, kwa sauti.

Nikisema nilibadilika siku ile mama watoto atanikanusha hapa hapa. Ulipita zaidi ya mwaka kabla binti yangu mdogo hajasikia makubadhi yangu dakani akamaliza wimbo. Nilihesabu. Na mpaka leo sauti hupanda, hasa mashine ikiniharibikia. Tofauti ni kwamba naisikia ikipanda.

Kazi yenyewe ilianza kwenda vizuri baada ya hapo. Nikifika kituoni simwoni tena adui mezani. Namwona mwanamume aliyetoka mbali, aliyepewa ufunguo na amri, anaogopa mkubwa wake, na anajisemea moyoni kwamba yeye hajampiga mtu. Huyo namjua. Najua ukimpigia meza atafanya nini, maana ndivyo nilivyofanya mimi. Basi nasalimia, naomba nambari ya OB, naandika saa. Siku nyingine haisaidii hata kidogo. Kuna kijana nilimfuatilia wiki mbili na sikuweza kitu.

Limebaki la Mpeketoni, na ndilo gumu kwangu kuliandika. Asubuhi ya Juni 16, 2014, habari zilipotufikia, nilisema neno barazani juu ya watu wa bara. Siliandiki. Nyuma yake kuna mambo ya ardhi ya tangu miaka ya 1970, ulipofunguliwa ule mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, nasi wenyeji tukabaki na malalamiko ambayo mengine ni ya haki kabisa. Lakini neno langu halikuwa la ardhi. Lilikuwa la watu waliokuwa hawajazikwa.

Miaka baadaye, mwezi wa Januari, nilitumwa kule kama msaidizi wa kisheria. Boti hadi Mokowe, kisha matatu, Hindi, Mpeketoni. Shosho mmoja alitaka kusaidiwa kuandika barua ya kufuatilia jalada la mwanawe. Tulikaa chini ya mwembe wake. Aliniambia kijana alikuwa ametoka kuangalia mpira, ulikuwa wakati wa Kombe la Dunia, akamwambia "Mama, usifunge mlango, narudi mapema." Hakuufunga. Akaniambia hata sasa usiku hulala mlango ukiwa umerudishwa tu, na wajukuu wanamgombeza kwa ajili ya wezi.

Niliandika barua. Mkono wangu una mwandiko mbaya, nikairudia mara tatu. Nilitaka kumwambia nilichokisema asubuhi ile, na maneno yalifika hadi kooni. Nikaona nitakuwa namtwisha mzigo wangu ili mimi niende mwepesi, nikanyamaza. Sijui kama nilifanya sawa. Aliniita "baba," akanijazia gunia la embe, akasema ni za mama wa nyumbani. Kwenye boti watu waliniuliza nimezinunua bei gani.

Mama watoto alizipokea akauliza zimetoka kwa nani. Yeye nilimwambia yote, na neno lenyewe nikalitamka, maana alikuwa amelisikia siku ile ile. Barazani kwetu na jikoni kwetu kumegawanywa na dirisha moja. Akamenya embe, akanipa kipande, akasema, "Barua yake ikijibiwa, mimi nakwenda nawe." Jibu halijaja. Tumeandika ya pili.

Juzi nilipigiwa simu usiku, kijana wa Kashmir, mtaa wa hapa hapa Lamu, amekamatwa. Nilirudi saa nane. Mlango umefungwa, ufunguo uko ndani, na mimi nimeketi dakani nabisha kwa kucha nisiamshe majirani.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Nipe nambari ya OB."

Nikamsikia anacheka, na ilimchukua muda kufungua.