Jinsi nilivyoacha kuanza na mkono: kulichunguza tumbo la mtoto katika idara ya dharura

Nilipoanza kazi katika idara ya dharura, ushauri niliopewa na karibu kila aliyenitangulia ulikuwa kwamba mtoto mwenye maumivu makali ya tumbo asipewe dawa ya maumivu mpaka daktari wa upasuaji amwone, kwa kuwa dawa itaficha dalili. Ushauri huo unaniudhi hadi leo. Tafiti zilizofanywa kwa watoto waliopewa mofini zimeonyesha kwamba maumivu hupungua bila daktari kupoteza uwezo wa kutambua ugonjwa, na mimi mwenyewe nimeshuhudia mtoto akiteseka bure huku sisi tukikosa taarifa yoyote ya maana.

Alikuwa msichana wa umri wa kama miaka sita. Maumivu yalimwanza karibu na kitovu, kisha akakataa chakula na kutapika. Daktari mwenzangu alimlaza, akaanza kumbonyeza. Mtoto akakunja miguu, akakaza tumbo na kupiga kelele popote alipoguswa, hata mbavuni. Jaribio la pili likaishia hivyo hivyo, na kwenye faili kukaandikwa kwamba tumbo zima ni gumu, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote. Mama yake akasema, "Daktari, hata nguo hataki imguse."

Niliomba apewe mofini kulingana na uzito wake, kisha nikamwacha apakatwe na mama yake bila kuguswa na mtu. Nilisimama kando nikimtazama tu. Tumbo lake halikupanda wala kushuka alipopumua, na paja la kulia alilikunja muda wote. Dawa ilipofanya kazi, nilichukua stetoskopu nikamwambia nataka kusikiliza, kwa sababu mtoto huogopa vidole lakini chombo cha kusikilizia hakioni kuwa ni kitu cha kubonyeza. Nilianzia juu upande wa kushoto, mbali na pale nilipopashuku, nikizungumza naye kuhusu wadogo zake. Kila niliposogea nilikandamiza zaidi kidogo, na macho yangu yalikuwa usoni mwake. Nilipofika chini upande wa kulia alikatiza maneno, akakunja uso, mkono wake ukauondoa wangu. Nikamwomba akohoe, akakohoa mara moja, akashika pale pale. Ultrasaundi ilionyesha kidole tumbo kilichovimba kupita milimita 6 na kisichobonyea, akafanyiwa upasuaji kabla hakijapasuka. Wale wanaoingia wakitembea wenyewe huwaomba waruke kidogo, na anayeshuka akiwa amejishika upande wa kulia huwa simrudishi nyumbani hata kama chembe nyeupe za damu ni za kawaida.

Hata hivyo, tumbo linalouma mara nyingi si tumbo lenye ugonjwa. Mtoto anayetapika huku akipumua kwa nguvu na kwa kina hupimwa sukari papo hapo, kwani kisukari ambacho hakijagunduliwa hujitokeza hivyo. Pumzi nazihesabu kwa dakika nzima, kwa sababu nimonia ya sehemu ya chini ya pafu huleta maumivu ya tumbo, na kifua kisiposikilizwa, nimonia hiyo hudhaniwa kuwa kidole tumbo. Mvulana lazima avuliwe nguo ya ndani, kwa staha na mzazi akiwepo: korodani ikijisokota, wengi huona haya na kusema tumbo tu, ilhali baada ya takriban saa 6 uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka.

Mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani huwa simsubirishi kwa kipimo chochote. Nampigia simu daktari wa upasuaji kwanza, kwa kuwa utumbo uliojisokota hufa ndani ya saa chache. Anayehitaji subira ni yule wa miezi kadhaa hadi miaka 2 hivi anayelia ghafla akikunja miguu, kisha akanyamaza na kulegea, akapauka. Ukimwona katika kipindi cha utulivu utaapa kwamba ni mzima. Huyo namweka mahali ninapomwona, nasubiri kilio kingine, kwa sababu choo chenye damu na ute kama jeli, ambacho wengi hukingoja ili waamini kwamba utumbo umeingia ndani ya utumbo, huchelewa kutokea au hakitokei kabisa. Akigundulika mapema, mara nyingi hewa inayosukumwa kupitia njia ya haja kubwa hurudisha utumbo mahali pake bila kisu.

Choo kigumu ndicho chanzo cha kawaida sana, nami hukubali kukiandika, lakini kiwe cha mwisho baada ya hayo yote kuangaliwa. Mzazi ninayemruhusu humwambia arudi mara moja, hata usiku, maumivu yakihamia chini kulia, tumbo likivimba, au mtoto akikataa kutembea. Na pale ninapofanya kazi sasa, wauguzi wa mapokezi humpa mtoto dawa ya maumivu kabla sijamfikia, na madaktari wa upasuaji wameacha kulalamika.