Nilivyoweza kuichora theluji

Majira mawili mazima ya baridi hapa Oslo, Norwei, kila theluji niliyoichora ilitoka kama ukuta uliopakwa chokaa. Si kwamba sikujua kuchora. Kwetu Tanga nilichora ngalawa na minazi tangu shule ya msingi. Ila nilikuwa najaza rangi nyeupe kwenye turubai kwa kuwa akili ilishakata shauri: theluji ni nyeupe pe.

Aliyenifumbua macho ni Harald Sohlberg, mchoraji aliyezaliwa mji huu huu mwaka 1869 na kufariki 1935. Picha yake ya usiku wa baridi katika milima ya Rondane, ya mwaka 1914, iko Makumbusho ya Taifa. Ni kubwa, karibu mita 1.6 kwa 1.8. Milima imesimama chini ya nyota moja, na mbele yake miti myeusi isiyo na majani imeachana kama pazia lililofunguliwa katikati. Nilisimama pale nikitafuta weupe, sikuupata. Buluu tupu, buluu juu ya buluu. Milima hiyo aliiona mwaka 1899, akaihangaikia takribani miaka kumi na mitano mpaka ikamtoka jinsi alivyotaka. Kujua hivyo kulinipa moyo kuliko somo lolote.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku, kwa hiyo mchana ni wangu. Mchana wa Desemba ni mfupi: jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri. Nikaacha kuchora saa sita, nikawa natoka jua likikaribia kuzama. Kivuli kilicho juu ya theluji hakipati mwanga wa jua, kinapata wa anga, ndiyo maana ni cha buluu. Kule jua linakogusa huwa waridi kama nyama ya pera.

Nje nachora rasimu tu, kwa rangi za maji, dakika ishirini. Siku moja ya nyuzi nane chini ya sifuri maji yaliganda juu ya karatasi yakaacha michirizi kama majani ya mvinje. Tangu hapo natia pombe kali kidogo ndani ya maji, yasigande upesi.

Kazi yenyewe iko nyumbani, kwa rangi za mafuta. Natanguliza buluu ya kobalti yenye nyeupe kidogo, naacha ikauke kabisa, kisha napitisha utando mwembamba wa rangi niliyoizimua kwa mafuta, unaopenyeza ile ya chini. Halafu nasubiri tena, siku kadhaa. Kusubiri huku ndiko kulikonishinda zamani. Nyeupe tupu inakuja mwisho kabisa, kwa ncha ya brashi, pale jua linapogusa tu.

Picha ya kwanza ya namna hii nilimtumia mama kwa simu.

“Bahari ya alfajiri hii, mwanangu? Maji yamekupwa?”

Nilifurahi mno. Mchanga wetu alfajiri una buluu hiyo hiyo, nami niliukanyaga miaka yote bila kuiona. Nikamwambia, hapana mama, ni uwanja wa nyuma ya kazini kwetu, theluji hiyo.

“Basi baridi yake naiona. Ila hapo pembeni, chini, umepaka chokaa.”

Kweli. Kona ile naikwangua kesho nikitoka zamu.