Kripto zimeshika: kumbukumbu ya tangi la lita 54

Majani mapya yametoka! Kila kripto (mmea wa majini, Cryptocoryne, niliyoupanda kwenye tangi langu la akwariamu) iliyobaki upande wa kulia ina jani jipya, na upande wa kushoto nako yanaanza kuchungulia. Ni membamba, ya rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na kijani, na hayafanani hata kidogo na yale mapana niliyonunua. Kutofanana huko ndiko nilikokuwa nakusubiri muda wote huu. Naandika leo nikiwa bado nakumbuka kipi kilifanyika kabla ya kipi.

Tangi ni lile lile: sentimita 60 kwa 30 kwa 30, udongo wa bustani uliochekechwa chini, mchanga wa mto uliooshwa juu yake, filta ya sponji, taa ya LED. Niko Dar es Salaam, na hilo lina uzito katika habari yote inayofuata, kwa sababu hapa maji ya tangi yanafika nyuzi 30 mchana bila kupashwa na chochote. Miongozo mingi ya mimea ya majini imeandikwa na watu wanaohangaika kuyapasha maji joto. Sisi kazi yetu ni kuyapoza.

Mimea mingine nitaipitia haraka. Hygrophila polysperma haikusumbua, ilimwaga majani ya chini na kukimbilia juu. Valisneria iliachia majani ya nje, ikakaa kimya, sasa inatambaza vijishina vyake chini ya mchanga. Anubiasi imekaa tu kama ilivyokuja, na hiyo ndiyo tabia yake. Mmea unaotoa jani kwa mwendo ule hauwezi kukuonyesha furaha wala huzuni mapema.

Kripto ndiyo iliyoninyima usingizi. Niliipanda ikiwa imenona, majani yamesimama, rangi safi. Siku chache baadaye majani yakaanza kuwa na matobo yenye kingo za uwazi, kisha yakageuka ute. Ukiligusa jani linabaki kidoleni. Mwenzangu mmoja anayefuga samaki wa guppy alipita kuangalia akasema, "Kaka, hiyo imekufa, itoe kabla haijakuozea maji." Nikamwambia, "Subiri kwanza, ndugu yangu, nishike rizomu." Nikaingiza kidole mchangani, nikaipapasa hiyo rizomu, yaani shina nene lililolala mchangani: ngumu kama tangawizi mbichi, na haina harufu. Mmea ulikuwa hai. Kilichokuwa kinakufa ni majani tu.

Hapa ndipo nataka tuelewane, maana naona wengi wakitupa mimea mizima. Cryptocoryne wendtii asili yake ni Sri Lanka, na kule pembezoni mwa mito imezoea maji yanayopanda na kushuka. Inaishi ikiwa imezama, inaishi ikiwa juu ya maji. Mashamba ya mimea ya akwariamu huikuza juu ya maji, kwenye unyevu mwingi, kwa kuwa hapo inapata hewa ukaa ya kutosha, inakua haraka na haishikwi na mwani. Jani lililokua hewani lina ngozi nene ya nta ya kuzuia lisikauke, na lina vitundu vya kupumulia. Lizamishe, na hiyo nta sasa ni kizuizi. Hewa ukaa husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko hewani, kwa hiyo jani la majini hutakiwa liwe jembamba, laini, linyonye kwa uso wake wote. Mmea hauwezi kulibadilisha jani la zamani. Unalibomoa, unavuna kinachovunika, unajenga jingine. Kinachoulipia ujenzi huo ni akiba iliyo kwenye rizomu na mizizi.

Kwa hiyo kuyeyuka kwenyewe hakukunishtua. Kilichonisumbua ni kwamba kulikuwa hakuishi. Kripto ilikuwa inatoa kichipukizi, nacho kinayeyuka. Inatoa kingine, nacho kinakwenda. Akiba ile ya rizomu haidumu milele, na kila kichipukizi kilichopotea kilikuwa kinaniuma.

Nikaanza kupima maji. Udongo mpya unaozeshwa humwaga amonia, hilo tunalijua wote. Kipimo kilinionyesha miligramu 1 kwa lita, ambayo kwa tangi lisilo na samaki wala si ya kutisha. Lakini maji yangu ni ya kisima, pH (kipimo cha uasidi wa maji, 7 ikiwa katikati) inakaa kwenye 8. Amonia ndani ya maji iko kwa sura mbili: amoniamu, ambayo mimea mingi inaila kwa furaha, na amonia huru, ambayo ni sumu kwa samaki na kwa mimea michanga pia. Kwa pH 7 na nyuzi 30, ile ya sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwa pH 8 na joto hilo hilo inapanda hadi asilimia 7 hivi. Joto nalo linaisukuma juu. Yaani udongo ule ule, amonia ile ile, ukiwa na maji laini na baridi unatulia, ukiwa na maji ya kisima ya Dar unaunguza.

Nikashika mambo matatu. La kwanza, kubadilisha maji, nusu ya tangi kila baada ya siku moja, nikichanganya maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa na ya kisima. La pili, feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji. Maji yanapovukiza yanapoa, na kwangu joto lilishuka nyuzi mbili hadi tatu, mchana unabaki kwenye 27 na kitu. Angalizo: yanayovukiza ni maji matupu, chumvi zote zinabaki tangini, kwa hiyo unapojazia tumia ya mvua, la sivyo ugumu wa maji unapanda wiki hadi wiki. La tatu, mwanga. Nilipunguza hadi saa sita kwa siku. Mmea usio na majani hauna cha kufanya na mwanga, anayeufaidi ni mwani wa kahawia peke yake.

Wakati huo huo nikafanya jaribio, na hili ndilo ninalojivunia. Kripto za upande wa kulia nilizikata majani yote, nikabakiza kikonyo cha sentimita mbili. Za kushoto nikaziacha ziyeyuke zenyewe. Mantiki ya kushoto naijua, wapo wanaoshikilia kwamba mmea hurudisha chakula kutoka kwenye jani linalokufa, na ni kweli. Lakini jani linalooza ndani ya tangi jipya nalo linazaa amonia, pale pale kwenye shingo ya mmea, mahali kichipukizi kinapotokea. Matokeo: kulia kumetangulia. Majani yake yamekuja mapema na hakuna lililoyeyuka tena. Kushoto kumechelewa, na mche mmoja nimeupoteza kabisa, rizomu ililainika ikanuka.

Ni tangi moja, na kona zake hazifanani kwa mzunguko wa maji, najua. Hata hivyo kuanzia sasa kripto mpya kwangu zinakatwa kabla ya kupandwa. Kripto, nasema. Anubiasi usiikate, majani yake ya hewani hudumu muda mrefu majini na yanaisaidia. Hygrophila nayo ina njia yake: subiri vilele vikue vikiwa ndani ya maji, vikate, vipande upya, mashina ya zamani yatupe.

Jambo jingine ambalo limebeba kazi kubwa ni mizizi kutoguswa. Kripto hukasirikia kuhamishwa kuliko kitu chochote. Kila ukiing'oa ili uangalie kama imeshika, unakata vinyweleo vipya vya mizizi na unarudi mwanzo. Ukitaka kujua, papasa kwa kidole kama nilivyosema, au ivute kidogo sana kutoka kwenye kikonyo. Ikikataa, imeshika.

Sasa vifaa. Kibano kirefu cha ncha nyembamba ni mali, sitarudi tena kupanda kwa vidole. Unaushika mche kwenye mizizi, unauzamisha kwa mshazari ndani kabisa, unafungua kibano taratibu, unakitoa kwa mshazari ule ule, kisha unauvuta mche juu kidogo hadi shingo ionekane. Kwa anubiasi, supa gluu imeushinda uzi wa nguo mbali sana. Inaganda kwa unyevu wenyewe, na alama nyeupe inayoachwa hufunikwa baada ya muda. Rizomu ibaki juu ya jiwe, isifukiwe, ikifukiwa inaoza.

Taima ya kuzungusha kwa mkono siitaki tena tangini mwangu. Umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia, na baada ya mikatiko kadhaa taa inawaka usiku wa manane na kulala mchana. Ya dijitali yenye betri ndogo ndani inatunza saa yake. Kwa mmea unaojaribu kutulia, ratiba ya mwanga inayorukaruka ni usumbufu juu ya usumbufu. Na vipimo vya matone vina thamani kuliko vya karatasi, hasa kwa amonia. Karatasi zikishaonja unyevu wa hewa ya pwani zinaanza kusema zinachotaka.

Nilikuwa nimeahidi hapa kwamba hatua inayofuata ni hewa ukaa ya sukari na hamira. Chupa nilishaandaa, mrija nilishaupata. Nimeiweka kando. Kwa joto letu hamira inachacha kwa kasi kubwa siku za mwanzo kisha inazimika, gesi inapanda na kuporomoka, na kripto inapenda hali isiyobadilika. Lakini sababu ya kweli ni kwamba nimepata kitu kinachonivutia zaidi.

Bibi jirani yetu ana mani planti iliyoparamia nguzo nzima ya baraza. Nilimwamkia, nikaomba vipande, akanikatia kwa moyo mweupe. Nimevitundika nyuma ya tangi, vifundo viko majini, majani yako nje. Mmea huu unachukua hewa ukaa kutoka hewani, ambako ipo tele, huku mizizi yake ikinyonya amonia na nitrati kutoka majini. Hauna kikwazo kinachoifunga mimea iliyozama, kwa hiyo unaweza kula haraka kuliko kripto, valisneria na anubiasi zikijumlishwa. Mizizi myeupe tayari imeshuka karibu nusu ya kina cha tangi, na kipimo cha amonia sasa kinasoma sifuri hata katikati ya zamu za kubadilisha maji. Sehemu ya sifa hiyo ni ya bakteria waliokwisha kujenga makao kwenye sponji, maana nitraiti, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia na nayo ni sumu kwa samaki, imeonekana, lakini mani planti imekata makali ya zile siku ngumu. Ningekuwa naanza tangi jipya kesho, ningeitundika siku ile ile ya kumwaga maji.

Sasa nawaza mengine: kuchukua kripto moja ya kushoto ikishanona, niigawe, nusu niikuze juu ya maji kwenye kopo lenye mfuniko na udongo mbichi, nione ikitoa jani la hewani, kisha niizamishe nifuatilie jani hadi jani. Zulia la mimea mifupi mbele nililolipanga tangu mwanzo litasubiri, sina hamu nalo kwa sasa.

Nitraiti bado haijafika sifuri, hivyo samaki hawaingii. Mwanga umepanda hadi saa saba, na nikiona mwani kwenye kioo narudi sita. Kubadilisha maji nimepunguza hadi mara mbili kwa wiki. Jumamosi nakata vilele vya hygrophila na kuziba pengo la nyuma kushoto, pale mche ulipokufa, bila kugusa mchanga wa mbele yake.