Maji ya Karanga

Kabla sijapanda Mlima Kilimanjaro nilikuwa na neno moja tu la Kiingereza la kulemewa: "heavy", la shuleni. Mengine nilifundishwa na wageni wenyewe, njia ya Machame, bila wao kujua. Siku ya kwanza, kwenye matope ya msituni, walikuwa "tired". Tulipofika Shira wakawa "exhausted". Lava Tower, karibu mita 4,600, mama mmoja wa makamo aliketi juu ya jiwe akasema yeye ni "done". Mpishi wetu, aliyekiokota Kiingereza chake kwa miaka mingi ya kupikia wageni, akaninong'oneza kwamba hapo hajamaliza kitu, ameisha yeye.

Sisi wagumu, maana ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro tunavyojiita, tulikuwa na jibu moja: "fine". Mpishi alinionya mapema, tukiwa kwenye foleni ya mzani getini, ambapo mzigo wa mgumu hautakiwi kuzidi kilo 20. "Dogo, ukiulizwa, wewe uko fine. Ukisema umechoka, mgeni atamwambia kiongozi, na kiongozi ana vijana kibao hapo nje wanaoitaka nafasi yako." Hakutia chumvi. Pita geti la Machame asubuhi ya msimu, utawakuta wameegemea uzio na mabegi yao, wakisubiri kusikia majina.

Mzani ule lakini hauoni mbali. Bonde la Karanga ndilo lenye maji ya mwisho njiani. Barafu, kambi ya kuanzia safari ya kilele, hakuna hata kijito, kwa hiyo kila kikombe cha chai na kila bakuli la supu hupandishwa na wagumu. Unashuka bondeni, unajaza dumu, unalitua juu ya ngata, unaanza kupanda. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji tu, na huko juu hakuna anayepima.

Kichwa kilianza kunigonga katikati ya ule mpando. Kufika Barafu nikatapika nyuma ya mwamba, nikapangusa mdomo, nikaenda kusaidia kusimamisha hema la kulia. Watu hudhani mlima hautudhuru sisi tuliozaliwa chini yake. Migomba ya kwetu iko chini kabisa, na hewa nyembamba haiulizi mtu kwao ni wapi.

Yule mama aliniona. Aliniuliza kama niko sawa, nikasema "fine". Hakuondoka. Akaanza kunitajia maneno moja moja, taratibu, kama daktari: tired? heavy? exhausted? Nilimwelewa vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Kila moja nikalijibu "fine".

Akaenda moja kwa moja kwa kiongozi. Kiongozi akaja na tochi, akanimulika machoni, akaniamuru nitembee kwa mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hatua ya tatu nikayumba.

"Kaka, ni usingizi tu."

"Nyamaza, dogo. Unashuka sasa hivi."

Nilishushwa gizani kuelekea kambi ya Mweka na mgumu mwenzangu, aliyepachika begi langu juu ya lake bila kuulizwa. Dawa ya ugonjwa ule wa hewa nyembamba ni kushuka, na inafanya kazi kweli: kadiri tulivyoteremka ndivyo kichwa kilivyoachia, na tulipoingia kwenye miti nikaomba begi langu. Alikataa. Alisema nikianguka nalo atabeba mabegi yote mawili pamoja na mimi.

Wageni walifika kileleni alfajiri ile, yule mama akiwemo. Alinikuta Mweka, akanikumbatia, akafurahi sana kuniona mzima. Nilimshukuru, na nilimaanisha.

Safari iliyofuata jina langu halikuitwa, wala ile ya baadaye. Msimu mwingine nikajaribu kampuni nyingine. Kiongozi wa huko aliniuliza, pale pale kwenye foleni ya mzani, kama nimewahi kuumwa mlimani.

"Sijawahi," nikamwambia, nikapandisha begi kwenye mzani.