Jinsi tulivyopata bodaboda ya usiku kwa wajawazito

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, VHT kama tunavyoitwa, wilayani Busia upande wa Uganda. Tangu 2001 vituo vya serikali havitozi ada, na kina mama wa kwetu wanalijua hilo. Kitaifa vifo vya uzazi vimeshuka, kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016 hadi 189 mwaka 2022. Kinachotukwamisha sisi ni usiku. Kituo cha ngazi ya tatu kinazalisha, ila anayehitaji upasuaji lazima afikishwe ngazi ya nne, na usiku bodaboda hupandisha bei wanavyotaka.

Nilianzia kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mfuko wa jamii ulikuwa unaishia kwenye misiba tu. Nikawaeleza kwamba mama akivuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, nikaomba mfuko ulipe nauli. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilishamaliza kuzaa, nimlipie nani?" Kabla sijajibu, mwenzake akamdaka: "Na mkaza mwanao mwenye tumbo kubwa, umemsahau?" Wakacheka, hoja ikapita.

Vijana wa bodaboda pale steji ndio walionitoa jasho. Hofu yao ilikuwa kudhaniwa wezi usiku wa manane, tena mama akifia juu ya pikipiki, waulizwe wao. Tukakubaliana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji: majina na namba zao za simu ziwe kwake, bei iwe ileile usiku na mchana, na mjamzito asipande bila mama mkwe au dada wa kumshika kwa nyuma. Mshikaki, ndiyo. Sheria naijua.

Hata hivyo, usafiri ukawepo na wengine hawatoki nyumbani. Wanaona haya: hawana karai, hawana nguo za mtoto, na wanajua watakavyosemwa. Kwa hiyo nikimtembelea mwenye mimba ya miezi saba naomba nioneshwe mfuko wake: kavera (plastiki) la kutandika, glavu, wembe mpya, pamba, uzi wa kitovu, sabuni, khanga. Kinachopungua ananunua kidogokidogo siku za soko. Mama Kit, ule mfuko wa vifaa vya kujifungulia, ikiwepo kituoni, heri; isipokuwepo, hakwami.

Sasa kero ni waume. Wanatakiwa kurudisha nusu ya nauli, na baadhi wanatuzungusha hadi mtoto anatambaa. Tumeamua majina ya wadaiwa yasomwe kikaoni. Wengi hulipa siku moja kabla.