Pointi iliyofutwa

"Kocha, si nilifika kwanza?"

Kijana aliyeniuliza hivyo alikuwa na vumbi kuanzia gotini hadi kiunoni, kwa jinsi alivyoteleza kuingia nyumbani, yaani besi ya mwisho, ambako pointi hupatikana. Mwamuzi alikuwa ameshaifuta pointi yake. Mechi ilikuwa imekwisha, 4–3, wapinzani wanakumbatiana katikati ya uwanja, nami nimesimama pembeni mwa besi ya tatu, mahali pa kocha, sina la kumjibu. Moyo uliniambia kwamba tumeonewa, lakini sikuzijua kanuni za besiboli kiasi cha kumwendea mwamuzi na kumweleza kwa nini. Tangu siku hiyo nimekisoma kitabu cha kanuni mpaka kurasa zimelegea. Jibu ninaloandika hapa ndilo alilostahili kulipata palepale.

Ilikuwa awamu ya saba, ya mwisho kwa umri wao. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Mchezaji wetu mmoja alikuwa ameshatolewa, na tulikuwa na wakimbiaji wawili: mmoja besi ya tatu, mwingine besi ya kwanza. Mpigaji wetu akaupiga mpira juu sana, ukaenda mbali upande wa kulia.

Mpira wa juu ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji ametolewa, na kila mkimbiaji lazima awe ameigusa tena besi aliyokuwa akiishikilia mpira uliporushwa kwa mpigaji. Akishaigusa baada ya mdakaji kuupata, ruhusa anayo ya kukimbilia mbele, kwa hatari yake mwenyewe. Haijalishi kama mpira umedakiwa ndani ya mistari au nje yake. Wengi hudhani mpira ukitoka nje ya mstari basi mchezo umesimama. Ukidakwa, haujasimama hata kidogo.

Sasa, ni lini hasa mguu unaruhusiwa kuondoka? Hapa nilikuwa nikiwafundisha watoto vibaya kwa misimu miwili. Nilikuwa nasema, "Subiri adake." Kanuni inasema mkimbiaji anaweza kuondoka mara tu mpira unapomgusa mchezaji wa kwanza wa ulinzi, hata kama haujatulia kwenye glavu. Mpira ukimdunda mlinzi kifuani, ukaruka, akaukamata wa pili aliye jirani yake, mpigaji ametolewa, lakini mkimbiaji alikuwa huru tangu ule mguso wa kwanza. Kuna sababu nzuri. Ingekuwa lazima kusubiri mpira utulie, mlinzi mjanja angeweza kuuchezesha mikononi huku akikimbia kuelekea katikati, na wakimbiaji wangebaki wameganda kwenye besi zao mpaka atakapotaka yeye. Siku hizi nasema, "Subiri mpira uguse glavu." Ni tofauti ya nukta ya sekunde, lakini kutoka besi ya tatu hadi nyumbani ni futi 90, kama mita 27.4, na watu hutolewa kwa upana wa kiganja.

Tena mguu uwe juu ya besi. Kurudi hatua tatu nyuma yake ili upite ukiwa umeshashika kasi hairuhusiwi. Wapinzani wakidai, umetolewa.

Kijana wangu wa besi ya tatu alifanya yote hayo sawasawa. Alirudi, akaweka mguu, akasikiliza sauti yangu. Glavu ilipoguswa nilimpigia kelele, akatoka kama mshale. Mlinzi wa kulia alirusha kuelekea nyumbani, lakini mlinzi wa besi ya kwanza, aliyesogea katikati kuupokea, akaona wamechelewa. Aliukamata, akageuka, akaurusha besi ya kwanza, ambako mwenzake alikuwa ameshaingia kuilinda. Kwa nini huko? Kwa sababu mkimbiaji wetu wa besi ya kwanza aliamini mpira utaanguka. Alikuwa amekaribia besi ya pili. Alirudi mbio, akachelewa. Mtu wa tatu ametolewa, awamu imekwisha.

Mwamuzi akasema: huyo wa tatu alilazimishwa, kwa hiyo pointi haihesabiwi, hata kama wa nyumbani alifika kwanza.

Hapo ndipo kosa lilipo, na nimelisikia hata kwa watu walioutazama mchezo huu miaka mingi. Kwa macho inafanana kweli na kulazimishwa: mlinzi ana mpira, anakanyaga besi, hamgusi mkimbiaji, na mkimbiaji ametolewa. Lakini mkimbiaji hulazimishwa pale tu mpigaji anapokuja nyuma yake, hana budi kumpisha. Mpira ukishadakwa, mpigaji hayupo tena. Hakuna anayekuja. Mkimbiaji wetu alitolewa kwa kutorudi kwa wakati, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo linaloamua ni wakati: je, wa besi ya tatu aliigusa besi ya nyumbani kabla mpira haujafika besi ya kwanza? Aliigusa. Alikuwa ameshainuka anajipangusa. Ilitakiwa iwe 4–4, tuendelee na awamu ya nane.

Ingekuwa haki kuifuta kama yeye mwenyewe angeondoka mapema. Hata hivyo mwamuzi hatangazi kosa hilo kwa hiari yake. Hunyamaza, mpaka wapinzani waupeleke mpira besi ya tatu na kudai. Na kitabu kinawaruhusu kudai hivyo hata baada ya mtu wa tatu kutolewa, yaani wapate mtu wa nne wa kumweka mahali pa yule wa tatu, ili pointi ife. Ila wadai kabla mrushaji na walinzi wa ndani hawajatoka uwanjani. Sehemu hiyo ya kanuni niliisoma mara tano, naipenda mno. Wapinzani wetu hawakudai chochote besi ya tatu.

Kuhusu yule wa besi ya kwanza, lawama ni yangu. Nilikuwa nimemfundisha kukimbia, sikumfundisha kusubiri. Mpira wa juu wa kawaida, mtu wa besi ya kwanza hujongea kadiri anavyoweza kurudi salama, akaangalia. Mpira ukiwa wa mbali kabisa, anaweza hata kurudi kwenye besi na kuondoka kutoka hapo. Tulitazama pamoja mechi ya saba ya fainali za 2016 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Chicago Cubs na Cleveland. Awamu ya kumi, Albert Almora Jr. aliyeingizwa kukimbia tu, yuko besi ya kwanza. Kris Bryant anaupiga mpira mbali katikati. Wengine wangekuwa wameshafika nusu ya njia wakishangilia. Almora alirudi, mpira ukadakwa karibu na ukuta, akachukua besi ya pili. Muda mfupi baadaye Ben Zobrist akapiga, Almora akaingia nyumbani, na Cubs wakashinda 8–7, ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Kijana aliomba turudishe kipande kile cha Almora. Tukakirudisha mara nne.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mazoezi, nilimwita yule mwenye suruali ya vumbi nikamfungulia kitabu. Alisoma kimya, kidole kikifuata mstari.

"Kwa hiyo nilifika kwanza," akasema.

"Ulifika kwanza. Pointi ilikuwa yako, na mimi ndiye niliyepaswa kuidai."

Akanirudishia kitabu, akaenda zake besi ya tatu. Mwenzake wa besi ya kwanza alikuwa ameshasimama mahali pake, theluthi ya njia kuelekea ya pili, magoti yamepinda, anatazama glavu ya mlinzi wa kulia.